Risiti Kwenye Spoku

Nyuma ya mlango wa jikoni, Pasua,
baba alipinda spoku ya baiskeli ikawa ndoano,
na kila kilicholipwa kikatobolewa, kikaning'inia:
maji, umeme, ada, kodi ya jengo,
mabati kumi na nane ya geji ishirini na nane,
pumba za kuku, simenti, dawa ya mende.
Spoku ikijaa, humwagwa ndani ya debe.
Madebe saba uvunguni mwa kitanda.
Paka amezalia katikati yake mara mbili.

*Mali bila daftari*, alituanzia.
Sisi tukamalizia, midomo imejaa ndizi.

Januari akaja kijana wa maji na deni:
elfu arobaini na moja na mia sita,
la mwaka juzi, mwezi wa tano.
Baba akacheka. Mimi? Nidaiwe?
Akapiga magoti, akavuta debe la mwisho,
akapekua polepole kama achambuaye mchele,
akaichomoa kwa vidole viwili,
akaiinua dirishani.

Nyeupe.

Nyeupe pe, mbele na nyuma,
kama haijawahi kutamka neno.
Tundu la spoku tu, pale katikati.

Akalipa tena.
Usiku ule alikula bila kuuliza chumvi.

Karatasi za mashine hazina wino, baba.
Zimeandikwa kwa joto,
na joto hilo hilo la jiko huzifuta.
Akaniangalia kama vile ni mimi niliyezitengeneza.

Jumamosi nikaja na simu
na kitenge cheusi cha kutandika mezani.
Lete. Nyoosha. Toa kivuli chako. Tayari.
Hakuniachia hata moja bila kuisoma kwa sauti.
Hii pampu: fundi wake alihamia Himo na spana zangu.
Hii friji: dhamana miaka mitano,
karatasi yenyewe ilikufa wa pili.
Hii ada ya Anaeli, muhula aliofukuzwa.
Hiyo ipige vizuri.

Debe la tatu, upepo wa dirishani
ukaigeuza bili ya umeme.
Mgongoni, penseli, mwandiko wa mama:
*sukari nusu, mafuta ya taa,
Mangi 3,200, asijue.*

Baba akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma.
Miaka kumi na moja.
"Ndeambiliasia!"
"Abee," mama huko bandani, kuku wanamzunguka.
"Mangi ulimlipa?"
Kimya kidogo.
"Mangi yupi?"

Basi tukaanza upya, debe la kwanza,
mbele na nyuma, mbele na nyuma,
kwa maana simu huona uso tu,
na nyumba hii imeandikwa migongoni.
Nikaziita majina: maji, mwezi, mwaka.
Umeme, Septemba, nyuma.

"Sasa zinakaa wapi?"
Winguni, baba.
Akatoka hadi uani, akatazama kaskazini
ambako Kibo haikuonekana tangu asubuhi.
"Wingu gani? Lile?"
Sikujua nianzie wapi kumweleza.
"Basi," akasema, "lile limezoea kutunza."

Mama alitaka karatasi za kuwashia mkaa.
Akapewa madebe sita.

Iliyobaki mezani ilikuwa ile nyeupe.
Nayo ipige, akasema.
Baba, haina kitu.
Ipige. Mimi najua ilichosema.
Nikaitandaza kwenye kitenge.
Simu ikahangaika kutafuta kingo,
ikaziona. Nikaandika:
*maji, Mei, imelipwa.*

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi,
simu inalia, bado niko kitandani Arusha.
"Hebu nifungulie ile ya maji."
Ile nyeupe?
"Ile ile."
Nikafungua. Mraba mtupu juu ya weusi,
na kitundu.
"Ipo?"
Ipo.
"Haya."
Akakata.